CPU Mbili na Kumbukumbu Ndogo

Kwenye laptopu yangu, programu ya kupokelea kahawa ilitoa jibu kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Naomba hilo likumbukwe, maana ndilo jambo pekee nililokuwa sahihi nalo msimu mzima ule. Ukiandika namba ya mkulima, papo hapo ilitokea picha yake, jina lake, kitongoji chake, na pembeni ua jeupe la kahawa likizunguka kwa madaha. Ua lile lilinichukua siku tatu kulitengeneza. Pale Tunduma nilikuwa nawaonyesha watu hata wasioniuliza.

Kazi zangu ndizo hizo. Nina kachumba nyuma ya duka la vipuri, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na humo nawaandikia mawakala wa forodha programu zao ndogondogo. Wateja wangu wana kompyuta mpya, wanabonyeza, wanafurahi. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba furaha yao yote ilitoka kwangu.

Kazi ya kahawa niliipata kwa mdomo wa mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu mzazi, na alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha wakulima huko juu Mbozi, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu bado napenda kupita pale bila kurushiwa maganda. Alikalia kiti kile tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikuja na maneno matamu na kamba ya kupimia shamba, na walipoondoka mibuni yote ilikuwa upande wao wa kamba. Mama mdogo alibaki na nyumba, kuku wachache, na kiti cha karani chenye mto alioushona mwenyewe kwa vipande vya vitenge. Kila msimu, watu waliomwonea huruma mwaka mzima walisimama mbele ya meza yake na magunia yao, wakamwamkia kwa heshima, wakasubiri awatazame.

"Mwanangu," aliwahi kuniambia, "nikiwa pale mezani mimi siyo mjane wa mtu. Mimi ni karani."

Chama kilipoamua kuingia kwenye kompyuta, kwa sababu chama cha kijiji jirani kilikuwa kimeshaingia na kwetu hakuna sababu nzito kuliko hiyo, yeye ndiye aliyenyoosha mkono kikaoni akasema ana mtoto wa dada yake anayeyajua mambo hayo. Aliweka jina lake rehani kwa ajili yangu. Mimi nikaenda nikamwangalia kazini siku moja, nikacheka moyoni.

Daftari lake lilikuwa kituko. Wanachama hawakupangwa kwa alfabeti wala kwa namba. Walipangwa kwa barabara. Kurasa za mbele walikuwa wa kitongoji cha mtoni, ambao huleta Jumatatu na Alhamisi kwa sababu ndizo siku trekta la mwenzao linapopita. Kisha wa mlimani. Kisha wa bondeni. Na ndani ya kila kitongoji watu walifuatana kwa jinsi wanavyokuja, mtu na shemeji yake anayesaidiana naye punda, mama na jirani yake wasioachana. Asubuhi alifungua ukurasa wa kitongoji cha siku hiyo, akaubana kwa kibanio cha nguo, na siku nzima hakufunua tena. Nikamwambia, "Mama mdogo, huu si mpangilio." Akanijibu kwamba wanaopanga foleni ni wakulima, yeye anawafuata tu. Sikumwelewa. Nilikuwa na cheti.

Jambo moja nilieleze mapema, kwa faida ya msomaji wa mbali. Mbozi ukisema CPU, hakuna mtu anayefikiria kompyuta. CPU ni mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu: injini ya dizeli, diski nne za chuma zinazozunguka na kuvua maganda, maji mengi, kelele nyingi. Wataalamu wa kilimo waliuleta pamoja na herufi zake tatu za Kiingereza, wakulima wakazipokea herufi kama walivyoupokea mtambo, na leo hata bibi asiyejua kusoma atakuambia anapeleka kahawa "sipiyu". Kibao chake kiko barabarani. Mimi nimekulia kilomita moja kutoka kwenye kibao hicho. Halafu nikaenda chuo, nikafundishwa CPU nyingine, ile iliyo ubongo wa kompyuta, na ile ya kwetu ikanitoka kichwani kabisa. Elimu hiyo.

Kompyuta ya chama ilinunuliwa na kamati bila kuniuliza, nami sikujisumbua kuuliza. Wajumbe watatu walishuka Tunduma, wakaingia kwenye duka la mitumba ya kompyuta ambako muuzaji humsalimia kila mtu kwa Kibemba cha ng'ambo, "Mulishani!", hata akiwa Mnyiha mtupu wa kwetu Mbozi, wakazinyanyua zote moja moja na kuchukua iliyokuwa nzito zaidi. Hivyo ndivyo tunavyochagua maboga. "Hii ndiyo yenye vitu ndani," muuzaji aliwathibitishia, na hakusema uongo. Ndani mlikuwa na vumbi la nchi mbili, diski ya kuzunguka ya enzi zile, na kumbukumbu isiyotosha hata kuhifadhi ua langu.

Fundi cherehani hupima mtu ndipo akate kitambaa. Mimi nilikata suti kwa vipimo vyangu mwenyewe, nikaituma kijijini, nikashangaa mwenye kuvaa anapasuka mishono.

Siku ya kwanza ya msimu nilikuwepo kwa ajili ya sifa. Mkulima wa kwanza akaweka gunia kwenye mizani, mama mdogo akaandika namba kwa kidole kimoja, akabonyeza. Kompyuta ikakoroma. Ua likatokea, likazunguka robo, likasimama kama lililosahau linakokwenda. Mkulima akaangalia ua, mama mdogo akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dari. Picha ilipotokea, mkulima alikuwa ameshakaa juu ya gunia lake. Kisha ikabidi kuchapisha risiti, na wakati inachapisha haikukubali kufanya kingine chochote.

Kufika mchana foleni ilikuwa imepita ghala na kugeuka barabarani. Sasa, kahawa mbivu haisubiri. Ikikaa kwenye gunia inapata joto, inaanza kuchacha, na kahawa iliyochacha inashuka daraja hata kama mwenyewe aliichuma moja moja kwa upendo. Watu walikuwa wanaingiza mikono kwenye magunia yao kama mama anayepima homa ya mtoto. Nyuma ya foleni mtu mmoja akapaza sauti, "Karani, hiyo tivii zima, turudi kwenye daftari!" Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye bado anatembea na kijiti cha kuonyeshea ubaoni, alitangaza kwamba kompyuta haina kosa, kompyuta ni kompyuta. Tatizo ni karani mzee kushindwa kwenda na wakati.

Ningeweza kusema palepale kwamba tatizo ni langu. Sikusema. Nilisema "tutaangalia", neno la mafundi wote duniani, nikapanda gari kurudi Tunduma.

Haikupita siku tatu mama mdogo akanifuata kwenye kachumba kangu, kaletwa na lori la mahindi, viatu vikiwa na udongo mwekundu wa kijijini. Alikataa soda. "Wanataka kunitoa kwenye kiti," akasema. "Wanasema mkono wangu mzito. Mkono wangu huu, mwanangu? Wewe niambie ukweli, ni mimi au ni kile kidude?"

Nikamwambia ni kile kidude. Hapo nilijisikia shujaa. Sikutaja programu yangu hata kwa bahati mbaya; nyani haoni kundule. Nikakaa nikamwandikia ripoti ya kitaalamu ya kumtetea, kwa Kiswahili safi, maana nilitaka kamati ielewe. Nakala ninayo hadi leo, na naiweka hapa kama ilivyo ili nami nipate haki yangu:

"Baada ya uchunguzi, nimebaini kuwa chanzo cha foleni ni CPU. CPU iliyopo ni ya zamani na imechoka. Inapata joto kupita kiasi na feni yake imejaa vumbi. Kati ya sehemu nne, inayofanya kazi ni moja tu. Diski inazunguka polepole. Aidha, kumbukumbu ni ndogo mno, haiwezi kushika majina ya wanachama wote kwa wakati mmoja. Napendekeza CPU isimamishwe mara moja, ifunguliwe na kusafishwa, na suala la kumbukumbu litafutiwe mbadala mwenye uwezo zaidi."

Nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, kwa sababu ripoti ya kitaalamu haibebwi wazi. Mama mdogo, ambaye angeisoma na kuniuliza swali moja tu la maana, akaibeba bila kuisoma. Aliishika kwa mikono miwili. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, akanishukuru, na mimi nikapokea ile shukrani.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ikaita. Alikuwa katibu wa chama, anapiga kelele juu ya kelele nyingine. "Mtaalamu, tumefungua. Feni kweli ina vumbi! Lakini diski zote nne nzima, sasa hiyo inayofanya kazi ni ipi?"

Nikamuuliza wamefunguaje na bisibisi gani. Akaniambia bisibisi haikutosha, wametumia spana namba ishirini na nne na mtu wa kushikilia.

Nilipofika kijijini, mtambo wa kumenya kahawa ulikuwa umelazwa vipandevipande juu ya turubai katikati ya uwanja, katikati ya msimu. Diski nne za chuma zilipangwa kama sahani za harusini. Fundi wa mtambo, mwanamume mpole niliyemjua tangu utoto, alikuwa amekaa juu ya injini ameshika kichwa. Pembeni, kahawa ya siku nzima ya kitongoji kizima imerundikwa, inafuka joto, inanukia kama kilabu cha pombe. Nilielewa yote kwa mara moja, na nilitamani ardhi inimeze na laptopu yangu.

"Wewe," fundi akasema bila hata salamu, "siku ukiumwa kichwa si utaandika goti?"

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya lilikuwa linaendelea ndani ya ghala. Kamati ilikuwa imefika kwenye aya ya kumbukumbu. Kwa akili zao, na ukiisoma tena ripoti utakubali kwamba akili zao hazikuwa na kosa, mtaalamu kutoka Tunduma, tena mtoto wa dada yake wa damu, alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba karani anasahau majina na atafutiwe mbadala. Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya meza yake mwenyewe, na mwenyekiti kakaa kwenye kiti chenye mto, anamfanyia mtihani. Nilipoingia, mama mdogo aliniangalia mara moja tu, halafu akaangalia mbele.

"Mia mbili na sita," mwenyekiti akasoma kwenye rejista ya wanachama.

"Mzee wa darajani. Alifariki mwaka juzi. Anayeleta sasa ni mkwewe, na chini ya gunia huwa anaficha kahawa za kijani zisizoiva."

"Kumi na nane."

"Mama wa mlimani mwenye punda kipofu."

"Hamsini na nne."

"Ni wewe, mwenyekiti," mama mdogo akasema. "Na wewe za kijani unaficha."

Ghala lilicheka mpaka panya walihama. Mwenyekiti alifunga rejista, akasafisha miwani kwa muda mrefu sana. Niliona alivyomtazama mama mdogo baada ya hapo, na ningekuwa na akili ningelitilia maanani lile jicho. Nilikuwa na haraka ya kujieleza.

Nikasimama. Nikasema waheshimiwa, kuna CPU mbili. Kuna hii yenu, na kuna nyingine ndogo kama kucha, iko ndani ya kompyuta. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa upole kabisa, "Na hiyo inamenya nini?"

Nikasema inamenya hesabu.

"Na maganda inamwaga wapi?"

Mpaka leo naona lilikuwa swali zuri. Nikaeleza kwamba diski ni diski nyingine, na kumbukumbu ni ya mashine, si ya binadamu, na kwamba karani huyu hajasahau kitu tangu azaliwe. Walinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mlevi anayeeleza alivyodondoka. Kahawa ya siku ile ikaanikwa na maganda yake, daraja la chini, na wenye nayo walinitazama mmoja mmoja walipokuwa wanatoka. Mwenyekiti akahitimisha: nina mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata. Foleni isipoisha, kumbukumbu au si kumbukumbu, kiti kitapata karani mwingine.

Jioni hiyo hiyo nikamwomba mama mdogo radhi. Alikuwa anachambua maharage. "Uliandika kwamba nimesahau?" akauliza. Nikasema hapana, mashine. "Basi ungeandika mashine," akasema, na akaendelea kuchambua.

Nilibaki kijijini. Siku ya kwanza nilisaidia kuufunga mtambo, kama adhabu, na fundi alipoona najitahidi akalainika kidogo. Alikuwa anarudisha diski, anapima nafasi kati ya diski na bamba lake kwa punje ya kahawa. Akaniambia, "Zikija ndogo za mlimani, nabana. Zikija nene za bondeni, nalegeza. Kila siku naangalia kwanza kilichokuja na mashine niliyonayo. Wewe ulitaka kahawa ijirekebishe yenyewe?"

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa anasema kitu ambacho nililipa ada miaka mitatu kukisikia na sikukisikia.

Siku ya pili nikakaa kwenye kigoda kando ya meza ya mama mdogo, nikaifungua programu yangu mbele ya ile kompyuta nzito na kuitazama kwa macho ya adui. Nikaona uchafu wote. Kwa kila mkulima mmoja aliyesimama kwenye mizani, programu ilikuwa inakwenda kwenye diski na kufukua orodha nzima ya wanachama pamoja na picha zao zote, ndipo imchague yule mmoja. Wakulima wawili waliofuatana kwenye foleni walikuwa pande mbili tofauti za diski, kwa sababu mimi niliwapanga kwa alfabeti, na diski ya kuzunguka haina mbio za kukimbia huku na huku. Kumbukumbu ilipojaa picha, majina yalitupwa nje, na mkulima anayefuata safari ikaanza upya. Uzito ukiandikwa, faili lote liliandikwa upya kuanzia mstari wa kwanza. Ubongo wenyewe ulikuwa na vichwa vinne: kimoja kilifanya kila kitu, kutafuta, kuandika, kuchapisha risiti na kuzungusha ua, na vitatu vilikaa vinaangalia kama wajumbe wa kamati. Kwenye laptopu yangu dhambi zote hizi zilifunikwa na nguvu ya mashine.

Na mkono wangu wa kulia, sentimita ishirini kutoka kwenye goti langu, kulikuwa na daftari lililobanwa kwa kibanio cha nguo kwenye ukurasa wa siku hiyo.

Sijui nililitazama kwa muda gani. Mwanamke huyu asiyejua kompyuta alikuwa na mashine moja tu, mikono yake na macho yake na meza ndogo, na alikuwa ameipangia kazi kwa jinsi ilivyo. Vinavyohitajika leo viko juu ya meza. Wanaofuatana barabarani wanafuatana kwenye ukurasa. Kinachoandikwa kinaandikwa chini ya kilichotangulia, hakuna kurudi nyuma. Nilijisikia mjinga, na ujinga ule ulikuwa mtamu kidogo, kwa sababu sasa nilijua la kufanya.

"Mama mdogo," nikasema, "nifundishe daftari."

Akanifundisha. Siku mbili nzima, kati ya mkulima na mkulima, aliniambia nani anakuja na nani, siku gani, kwa nini. Mvua ikinyesha wa bondeni wanachelewa na wa mlimani wanawahi. Kukiwa na msiba upande wa mtoni, Alhamisi yao inahamia Ijumaa. Hakuficha kitu. Alikuwa anafurahi, alicheka, alikumbuka mambo ya watu wa zamani na kunisimulia. Mimi nikayaingiza yote. Programu mpya iliamka asubuhi na kusoma kitongoji cha siku hiyo peke yake, majina na namba tu, yakibanana kwa mfuatano wa barabarani, yakatulia kwenye kumbukumbu hadi jioni. Picha zilibaki kwenye diski hadi ziitwe. Uzito uliandikwa mstari chini ya mstari. Kuchapisha risiti nikakipa kichwa cha pili, ili cha kwanza kiendelee na mkulima anayefuata. Ua nikalifuta. Liliniuma kuliko nilivyotegemea.

Ijumaa ilipofika nilikaa kwenye kigoda changu kando ya meza. Mkulima wa kwanza akaweka gunia, mama mdogo akabonyeza kwa kidole chake kimoja, na risiti ikatoka kabla gunia halijashushwa. Mkulima akaishika akaigeuza, akadhani ni ya jana. Wa pili, wa tatu, wa kumi. Kufika saa sita mchana uwanja ulikuwa mtupu, mtambo umemaliza, na watu walikuwa wanarudi nyumbani na magunia matupu mabegani huku wakiimba kwa Kinyiha. Kompyuta ni ileile nzito ya Tunduma. Mama mdogo aliniinamia akaniambia sikioni, "Leo wamenyamaza." Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa wakala wa forodha yeyote.

Mwenyekiti alisimama juu ya mizani kuhutubia. Alinisifu kwa kijiti chake. Nilipewa jogoo. Akasema teknolojia sasa imekuwa nyepesi, kila kitu kimo ndani, hata mtu aliyeingia leo anaweza kuifanya kazi hii bila kujua mwanachama yeyote. Nilipiga makofi. Nakumbuka vizuri kwamba nilipiga makofi, jogoo akiwa kwapani.

Jumatatu yake kiti kilikaliwa na binti wa kaka yake mwenyekiti, aliyemaliza kidato cha nne, anayechapa kwa vidole vyote kumi. Hakuna aliyemwita mama mdogo mzembe. Waliandika kwamba anapumzishwa baada ya utumishi uliotukuka, na wakampangia kazi kwenye meza ya kuchambua, kuondoa punje za kijani na zilizoliwa na wadudu, pamoja na wanawake wa vibarua. Niliposikia nilipiga simu kwa katibu nikafoka. Akanisikiliza, akaniuliza kwa unyenyekevu kama kuna kitu chochote anachokijua yule mama ambacho sikukiweka kwenye mashine. Nilikuwa nimekiweka chote.

Nilipanda tena kijijini mwishoni mwa msimu. Kiti kilikuwa palepale, na mto wa vitenge juu yake, binti amekalia. Siku hiyo ilikuwa ya watu wa mlimani, lakini akaja mama mmoja wa bondeni amebeba kahawa kichwani, mumewe mgonjwa, hakuweza kusubiri siku ya kwao. Namba haikumbuki. Binti akaandika jina, jina hilo wanalo watu wengi, na mashine ikabidi iende kwenye diski kutafuta. Ikakoroma. Nilisimama pale na mkoba wangu begani nikiisikiliza inavyokoroma, nikahesabu makosa yangu niliyoyabakiza.

"Mia tatu na kumi na tisa," ikatoka sauti kwenye meza ya kuchambua. Mama mdogo hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea kutembea juu ya kahawa. "Na mumewe mwambie pole."

Binti akaandika. Risiti ikatoka.

Nikaenda nikachuchumaa kando ya mama mdogo. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia nitaenda kwa kamati leo leo, nitawaeleza kwamba programu ile ni yeye, kila mstari wake ni yeye, kwamba kilichofanya kazi ni daftari na mimi nilikuwa mwandishi tu. Nikasema nitawaandikia kila kitu kwa kirefu, wakiweke kwenye faili.

Akachagua punje moja ya kijani, akaitazama, akaitupa kwenye ndoo ya takataka. Nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu.

"Kaongee, mwanangu," akasema. "Ila usiandike."